Kisanduku cha Sauti

Programu yetu ilidai namba ya mkiani,
bila hiyo haihifadhi kitu.
Tuliitunga wenyewe, watu kumi na mmoja wa Katubuka na Gungu,
kwa bando za kuchangishana,
na kila kosa lililomo ni letu.

Nyabenda haoni.
Hukalia tofali, mgongo kwenye seng'enge ya uwanja:
“Mapangaboi mawili. La kulia linakohoa.”
Tunakodolea wingu la ziwani
mpaka litoe ndege.
Mawili kweli.

Kisha simu yake, ile inayosoma kwa sauti,
inamkatalia: Jaza namba.
Jaza namba.

Jumapili tukapiga kura.
Ruhaga akagoma: daftari la ndege si la masikio.
Tisa kwa mmoja;
wa kumi na moja bando lilimwishia.

Usiku nikaongeza kisanduku kimoja, SAUTI.
Umeme ulikatika mara mbili,
nikamalizia kwa chaji iliyobaki.

Asubuhi Nyabenda akaweka la kwanza:
“Saa mbili kasorobo, kutoka upande wa Tabora.
Leo haikohoi.
Fundi kaupata ugonjwa.”

Chini yake, herufi ndogo:
imethibitishwa na Ruhaga,
aliyekuwa kitandani bado,
dirisha wazi.