Mnong'onezi

Shangazi Piroska kavaa viatu vya mazishi,
ndivyo pekee visivyopiga kelele, anasema,
na tumeshuka kwenye tramu kituo kimoja kabla ya chetu
kwani anataka kuufikia ukumbi kwa miguu, kutokea ubavuni,
kama alivyoufikia miaka ishirini na tisa,
kwa mlango wa wafanyakazi.
Mlango huo sasa ni ukuta.
Anaugusa kwa mgongo wa mkono, huku akitazama kwingine.

Basi tunaingia kwa mbele, kama wageni,
kati ya simba wawili wa mawe, mmoja kavunjika pua.
"Risasi ya mwaka wa hamsini na sita," anasema,
"au mlevi. Inategemea nani anakusimulia."

Tunakabidhi makoti, tunapewa namba ya shaba.
Mwanamke wa makoti hamjui.
Naona anavyoisoma ile namba mara mbili.

Nilitaka kumwonyesha dari:
malaika wa plasta na vitako vyao vinene,
taa ya vioo elfu inayoshushwa mara moja kwa mwaka
ikaoshwe kwa siki.
Hatazami juu. Anatafuta chini, ukingoni mwa jukwaa,
palipokuwa na kibanda chake,
kifuniko cha mbao mfano wa gamba la kobe,
na ndani yake kigoda, balbu, kitabu, na yeye,
kichwa usawa wa viatu vya wafalme.
"Nimeona soksi za wafalme wote. Zilizotoboka ni nyingi."

Pamezibwa.
Mbao mpya, hata rangi imekataa kufanana.

Taa zinafifia. Watu wanakohoa kile kikohozi cha mwisho
kama wanaolipa deni.
Pazia linapanda, vumbi la mahameli linatufuata hadi safu ya kumi na nne,
na tazama: mfanyabiashara wa nafaka, binti zake watatu,
barua ambayo hakuna aliyeifungua.
Mchezo wa zamani. Midomo ya shangazi inatembea.
Naona aibu kidogo, kisha naona hatoi sauti,
anautafuna tu, kama mtu anayekula peke yake.

Sehemu ya tatu. Vidor Halmos, mzee sasa,
anaishika barua, anaigeuza kwenye mwanga, anasema:
"Ningekuwa na mtu"
akanyamaza.

Ukumbi mzima ukashika pumzi.
Lo, anavyojua kunyamaza huyu bwana!
Mama mmoja mbele yetu akatoa leso.

Vidole vya shangazi vikanibana paja.
"Hapa hapana kimya," akasema. "Hapana. Hapakuwa na kimya."
Macho yake yakaenda kwenye zile mbao mpya,
na macho ya Vidor Halmos, naapa,
yakaenda palepale.

"Wa kunisomea,"
akanong'ona shangazi, polepole, kwa pumzi bila koo,
sauti isiyozidi ukurasa unaogeuzwa.
"Wa kunisomea. Wa kunisomea, Vidor."

Safu kumi na tatu zilikuwa kati yao.
Akaishusha barua. Binti mdogo akadakia maneno yake,
mchezo ukaendelea,
na pazia liliposhuka watu walisimama, wakapiga makofi
hadi malaika wakadondosha unga.

Nje theluji ilikuwa imeanza.
Nilimfunga kifungo cha juu, kile kinachomshinda.
"Wameshangilia nusu ya sentensi," akasema,
na baadaye, tramu ikiwa imeshakuja na sisi hatujapanda:
"Uliza kama kesho
kuna nafasi safu ya kwanza."