Robo ya Nne

Temuco, mwezi wa Juni. Jiko la kuni halilali.
Kwetu Chile chai ya jioni huitwa Kumi na Moja,
hata ukiinywa saa moja usiku.

Nibaldo ni mwokaji. Miaka thelathini na miwili
anaamka saa nane za usiku kukanda unga wa watu,
na asubuhi hurudi na marraqueta tano kwapani,
za moto, kama mtu aliyeokoa vifaranga.
Marraqueta ni mkate wa mapacha wawili wawili,
robo nne zilizoshikana migongo:
ukimega, ganda hulia kabla yako.

Sasa mwambie mtu huyu aache mkate.

Aliambiwa. Mwaka juzi, daktari asiyeinua macho
alimpa karatasi ya marufuku, mbele na nyuma.
Jumatatu akaacha vyote: mkate, sukari, siagi, soseji.
Jumanne akanyamaza. Jumatano akagombana na paka.
Alhamisi usiku nilimkuta stoo, gizani,
amekumbatia mkate mzima, anatafuna
kama anayeomba radhi.
Sikuwasha taa.

Safari hii zahanati ina muuguzi mpya, Yasna,
binti wa Antofagasta, mdogo kuliko kitinda mimba wetu.
Hakutoa karatasi. Aliuliza, "Kwa siku unakula ngapi?"
"Tatu."
"Kweli?"
"Nne."
"Basi mwezi huu, nne kasoro robo."
Nibaldo akacheka hadi kiti kikalalamika.
Kasoro robo! Hiyo ni hesabu ya saa, si ya tumbo.

Na sukari? Yasna akasema, usiifukuze.
Mgeni wa miaka hamsini hatolewi nje usiku;
msindikize. Leo hadi mlangoni,
mwezi ujao hadi kwenye kona.
Vijiko vitatu vikawa viwili na nusu,
na mimi, kwa haraka zangu, nikabadilisha kijiko.
Siku ya tisa alikiinua dirishani:
"Mama, kijiko hiki kimekonda kabla yangu."
Lakini akakorogea.

Agosti: tatu na robo.
Maharage yakaingia mahali pa soseji, mara mbili kwa juma,
akiyapika mwenyewe, akiyatukana mwenyewe.
Akaanza kushuka basi kituo kimoja kabla ya nyumbani,
isipokuwa siku za mvua,
na Temuco, mvua ndiyo mwenye nyumba.

Kisha Septemba, sikukuu ya taifa.
Siku nne za empanada na nyama choma na divai,
kaka yake Eladio akijaza sahani kabla haijatua mezani.
Nibaldo alikula kama anayelipwa kwa kipande.
Asubuhi ya siku ya tano niliiona ile sura,
sura ya mtu aliyevunja chungu
na sasa anatafuta jiwe la kuvunjia vigae.
Nikaendelea kufuta meza.
Akaketi. Akakuna shingo.
"Tulikuwa wapi?"
"Tatu na robo."
"Haya. Tatu na robo."

Haba na haba hujaza kibaba, twasema.
Hatusemi kwamba ndivyo kinavyopungua pia.

Sasa ni Juni tena. Sukari ya damu, asema Yasna,
imeshuka, ila si ya kupigiwa vigelegele.
Mkanda umesogea tundu moja. Vidonge bado anameza.
Kijiko kimoja kwenye chai, na juzi, ghafla,
aliuliza kama nimebadilisha majani.
Sijabadilisha. Ni yale yale
tuliyoyazamisha kwa miaka yote hiyo.

Mbili na robo tatu kwa siku.
Kwa hiyo kila jioni hubaki robo moja,
katikati ya meza, karibu na parachichi,
inatoa mvuke juu ya kitambaa.
Jana niliila mimi.
Juzi iliyeyuka; yeye akamsingizia paka.
Leo anaitazama, nami namtazama,
kuni zinapasuka jikoni,
na bado hatujaamua.