Hita ya Nasambu

Nasambu, hita yako nimeifungua.
Uliileta Jumanne imeviringwa leso
kama mtoto mwenye degedege,
ukasema inatoa moshi, inazima usiku wa manane,
"na Julai ya hapa Uthiru unaijua."

Naijua. Ukungu umelalia mabati hadi saa nne,
vidole havishiki bisibisi.

Nilianza na tambi. Nilihesabu kumi na sita:
tano zimeungua hadi shingoni,
na mmoja uliuunga kwa kipande cha fulana.
Sikucheka.
Nilicheka kidogo.
Nimezikata zikalingana, kwa mkasi wa kushonea
wa mke wangu, naye asijue.

Kisha masizi. Niliyakwangua kwa kijiko
mpaka chai ya jioni ikawa na ladha ya kibatari.
Chini ya kichomeo nikakuta kifungo cha sare ya shule
na njiti za kiberiti kumi na tisa.
Kifungo sijui cha nani. Njiti ni zako.

Lakini ugonjwa haukuwa hapo.
Nilimimina mafuta yako kwenye chupa ya soda,
nikaisimamisha dirishani, nikangoja.
Yakajitenga, mafuta juu, maji chini,
kama mke na mume waliolala na hasira.
Basi usiilaumu hita. Kamuulize Gichohi wa pale kona,
anayepima kwa kikopo na kuapa kwa jina la mamake.

Sasa sikiliza.
Ukishajaza, ziache tambi zinywe nusu saa,
kiu ndiyo inayoziunguza.
Usiongeze mafuta ikiwa bado moto,
hata kama wageni wamekaa.
Mwali wa buluu, inapumua.
Ukiona njano, punguza; ikikataa, zima,
uje uniamshe.

Na dirisha. Upana wa ngumi, usiku kucha.
Najua utakachosema:
ninunue mafuta kwa bei hii nipashe barabara?
Pasha barabara.

Mwaka juzi, ploti ya nyuma, chumba cha mwisho,
waliziba kila ufa kwa magazeti,
hadi tundu la ufunguo.
Nilipoitwa asubuhi kuikagua hita
tangi lilikuwa na nusu,
tambi nzima, kichomeo safi,
sikuona kasoro hata moja.
Ni mimi niliyekuwa nimeitengeneza.

Mia nne. Ukiwa na mia mbili, lete mia mbili.
Kifungo nimekifunga kwenye karatasi,
kiko kwenye mpini kwa uzi.
Kesho usiku nikifunga kibanda nitapitia kwenu.
Sitabisha hodi.
Nitanyoosha tu mkono kwenye dirisha lako,
na nisikie joto likitoka.