Filimbi

Nilipotoka gereza la Kasapa, miaka tisa na miezi minne,
walinirudishia mkanda, kadi ya uchaguzi iliyoliwa na mende,
na kiatu kimoja. Kingine, alisema karani,
kilitoroka chenyewe.

Nikaenda kwa miguu hadi Katuba.
Nyuma yangu bomba refu la kiwanda, halina moshi,
na ule mlima mweusi wa mavi ya shaba
ambao watoto wa Lubumbashi huuchora kabla ya kuchora nyumba.

Sikuwa namtafuta Mungu. Siku hizi kwetu
amewekewa vipaza sauti kila kona,
na katika kimoja nikaitambua sauti ya Kapepula:
shemasi Kapepula, suti nyeupe,
akililia mbele ya watu dhambi asizozitaja.
Mkono anaouinua juu ndio ulioshika mtarimbo.
Mimi nilishika tochi.
Ndivyo nilivyomwambia hakimu: nilishika tochi tu.
Tu. Neno dogo. Nimelilalia miaka tisa,
limenitoboa mbavu.

Ilikuwa mvua ya kwanza ya Oktoba, nyaya za nyuma ya reli,
kilo arobaini na moja. Mnunuzi wa Ruashi akapima,
akapunguza mbili kwa ajili ya matope.
Matope ya kwetu ni mekundu siku zote.
Hakuuliza.

Mama Ngoie anauza makala kwa kopo.
Nilinunua moja, kesho yake mbili,
mimi nisiye na jiko wala sufuria.
Siku ya tatu nikapanda kupigilia bati lake lililolegea.
Siku ya tano akaniwekea munkoyo kwenye kikombe cha plastiki,
akasema huku akipepeta vumbi la makala:
"Wewe ndiwe yule wa tochi."

Misumari ilikuwa mdomoni mwangu.

"Kampuni iliandika kwamba alilala. Karatasi ninayo.
Sentineli amekutwa na usingizi, hakuna malipo.
Mkubwa wangu akaacha shule. Mtaani
wanangu wakaitwa watoto wa Usingizi.
Niambie kitu kimoja, kisha unywe au usinywe.
Mwilambwe alikuwa amelala?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa panga, kwa kilio,
hata kwa mate usoni. Kwa swali hili, hapana.

Nikatema misumari kiganjani.
"Hapana, mama. Alitusikia kabla hatujamwona.
Alikuja na koti la mvua lililomzidi mikono,
hana fimbo, ana filimbi.
Alipiga mara tatu.
Ya tatu ilikatika katikati.
Mpaka leo siwezi kupita karibu na uwanja wa mpira."

Akakaa juu ya gunia. Akahesabu kwa vidole:
moja, mbili.
Kidole cha tatu hakukikunja chote.
"Mara tatu," akasema. "Na hakuna aliyekuja."

Hakusema amenisamehe.
Anayelingoja neno hilo aende kwa Kapepula,
kule linagawiwa kabla ya sadaka.
Alisema: "Jumapili watoto wanakuja kula bukari.
Na wewe uje. Utayasema tena haya, polepole,
hasa ile ya tatu."

Kipaza sauti cha kona kikakohoa, kikaanza haleluya.
Munkoyo ulikuwa umechachuka. Niliunywa.
Kisha nikairudisha misumari mdomoni:
bati moja lilikuwa bado.