Kodi ya Kengele

Mimi hupima bei kwa sikio.
Nikisimama uani, kengele ya shule ikanifikia
bila kukaza shingo, naongeza laki.
Ikinifikia kwa kukaza, elfu arobaini.
Isiponifikia kabisa nakusifia vingine:
mtaa umetulia, dada, maji hayakatiki.

Naitwa Shafii, dalali, kijiwe changu Majengo,
ubavuni mwa fundi viatu. Simu mbili, pikipiki ya mkopo.
Elfu kumi ya kuonyeshwa, hairudi.
Ukipenda nyumba, kodi ya mwezi mmoja ni yangu.
Sijajenga Moshi hii hata banda la kuku,
ila funguo za watu nazijua kwa uzito.

Pasua, chumba na sebule: elfu sitini.
Choo mnachangia, luku mnachangia,
darasa la pili watoto mia moja na kumi na wawili,
dawati moja makalio manne.
Vuka mjini, panda juu, hewa ibadilike:
chumba na sebule hicho hicho,
tofali lile lile, bati lile lile,
laki mbili na nusu, miezi sita mkononi.
Shanti Tauni. Mstaafu mmoja wa posta aliniambia
jina hilo kwa Kiingereza ni mji wa vibanda.
Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Jumamosi alikuja mwanamke, viatu vimeshonwa upya,
na mtoto, Elinami, wa kuanza la kwanza.
Nikawapeleka kwenye banda la uani, nyuma ya jumba.
Kengele pale haisikiki tu, inakutikisa.
Mama mwenye nyumba akatoka na miwani yake:
"Ni laki tatu sasa. Shule imefaulisha wote,
hakubaki hata mmoja, kila mtu anataka huku.
Na ukihamia, barua ya mwenyekiti unapata siku hiyo hiyo."

Mwanamke akauliza, kama anayeuliza bei ya ndizi,
"Hesabu walipataje?"

"A tupu. Wana mwalimu mmoja pale, wanasema,
sehemu na desimali anazifanya kama uchawi."

Akainama, akafunga kamba ya kiatu cha mtoto
ambayo ilikuwa imefungwa.
"Ni mimi," akasema, bado yuko kule chini.

Mama akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa.
"Hongera sana, Mwalimu."
Kisha, baada ya kimya,
"Basi nikupunguzie elfu ishirini."

Tukateremka, mtoto katikati yetu.
Mwalimu Aikande akawa ananipigia hesabu sikioni:
mshahara, makato ya bodi, nauli ya alfajiri.
"Hata mwanangu wanamtaka na barua ya mtaa.
Darasa limejaa, wa mtaa kwanza."
Halafu, upepo ukimla nusu ya maneno:
"Nawafundisha hivi. Asili ikikua, kipande kinapungua."
Nilidhani anaongea na mtoto.

Niliwashusha Pasua. Mlima ulikuwa umejifunua wote,
mpaka theluji yake chakavu. Kule juu
kwenye kodi kubwa, miti huuficha.
Sikumwonyesha. Ni mkazi, anauona.

Elfu kumi yake sikuirudisha. Ninasema ili ijulikane.
Ilikwenda kwenye mafuta, na kwenye unga.

Jioni Zubeda wangu akaniletea daftari.
Yuko kwenye lile darasa la mia moja na kumi na wawili.
Nusu na robo, ipi kubwa?
Alikuwa ameandika robo, kwa sababu nne inaizidi mbili,
na hakuna aliyemsahihisha. Hakuna hata alama ya kalamu.
Nikachukua chapati, nikaikata,
nikaikata tena, nikajikuta nimeshika vipande
na sina maneno ya kuvitetea.

Nikafungua simu. Namba ya mwalimu ninayo.
Nilimwandika kwa mkono wangu, Jumamosi ile,
kama ninavyowaandika wote:
*Mteja. Shanti. Hana.*