Mfoko

Saa tisa usiku, Chiromo, ghorofa ya pili.
Kompyuta inapumua kama mgonjwa wa pumu
nami nahesabu punje za kelele.

Katikati ya picha kuna galaksi: doa tu,
tonge lililosahauliwa kwenye sinia.
Ndani yake, wasema wanaojua,
limeketi shimo jeusi lenye uzito wa majua bilioni mbili,
nalo linakula.
Na mlaji wa namna hiyo hali kimya:
kinachomkaba hukirusha nje kwa nguzo mbili, huku na huku,
ndefu kuliko galaksi yenyewe.
Nguzo hizo ndizo nazitafuta. Mwezi wa nane huu.

Kwanza nilikosa jina.
Mchirizi? Huo ni wa paa la mabati, Kangemi.
Mkondo? Mkondo una kingo, una adabu.
Kisha bomba la kaunti likapasuka pale Riverside,
maji yakaruka hadi kwenye nyaya,
na Bosibori, muuza mahindi, akakumbatia jiko lake:
"Yanafoka! Yanafoka!"
Nikasimama nimelowa, nacheka peke yangu.
Mfoko.
Na kufoka pia ni hasira,
kama alivyofoka baba niliposema
nimeacha uhasibu kwa ajili ya giza.

Mwezi wa tatu niliona mstari,
mwembamba, umenyooka, kaskazini mashariki.
Sikulala. Daktari Oyaro alikuja alfajiri na malapa miguuni,
akatazama, akavua miwani.
"Hiyo ni setilaiti imepita, Kanini."

Sasa naongeza saa juu ya saa,
napepeta kelele, makapi yanapungua,
mchele siuoni.

Stima yapotea. Chiromo yote yazama.
Chini, askari Lokwang awasha tochi
na ukungu wa mtoni waushika mwanga:
fimbo nyeupe, toka kiganjani mwake hadi kwenye mikaratusi.
Ukungu unapopasuka, fimbo haipo,
na tochi bado inawaka.
Nabaki dirishani.
Labda na kule mfoko upo,
umekosa tu kitu cha kugonga.

Stima yarudi. Kwarara waanza ugomvi wao.
Kwenye jedwali, safu ya mwisho, naandika: haukuonekana.
Siandiki: haupo.
Lisemwalo lipo, kama halipo laja,
na kama laja kutoka kule
li njiani tangu Chiromo haijapata mto.

Nateremka kutafuta mandazi.