Pembe Nne za Mkeka

Saa nane usiku, Chumbageni.
Namgeuza Mama alalie ubavu wa kushoto
kama alivyonionyesha nesi wa Bombo:
mkono mmoja begani, mmoja nyongani,
shuka livutwe linyooke, maana kikunjo huzaa kidonda.
Naandika kwenye daftari: saa nane, kushoto, mkojo kidogo.
Daftari hili lilikuwa la wadaiwa wa mayai.
Sasa ndilo kitabu changu cha sala.

Nakuambia kweli, Bwana, saa hii si ya kupamba maneno:
nimechoka.
Si uchovu wa kupewa pole. Ni ule wa mtu
aliyesimama jikoni ameshika mwiko
na hajui alikuwa anakoroga nini.
Juzi nilimfokea. Kwa sababu ya uji.
Uji wa ulezi, umemwagika kifuani, basi.
Akanitazama
nami nikatoka uani, nikajifanya natafuta ndoo.

Jumapili mchungaji alihubiri juu ya wale wanne
waliombeba mwenzao aliyepooza, wakapanda naye, wakatoboa paa.
Watu wakasema amina.
Mimi nikawaza: paa lile, nani aliliziba?
Na mabega yao yaliuma siku ngapi?
Kisha nikawaza: wanne!
Sisi kwa Mama tulizaliwa watano.
Eliafie yuko Mwanza, hutuma pesa na neno "pole".
Hilda yuko Dodoma, anasema atakuja Pasaka, hasemi Pasaka ipi.
Mapacha wamelala Magila.
Nimebaki mimi, kitindamimba, mwanamume,
nimeshika pembe zote nne za mkeka,
na mkeka wa mshikaji mmoja haubebwi, unaburutwa.

Kumwogesha ndiko kulikonishinda.
Mama Ruthi Semkuya, mjane wa katekista,
aliyefunga kitenge juu ya kitenge hata kwenda bombani,
alifumba macho siku ya kwanza nilipoleta beseni.
Nami nikafumba yangu.
Tukamaliza hivyo, vipofu wawili,
maji yakakimbilia mlangoni.

Bi Mwanahawa wa mlango wa pili aliyaona yale maji.
Hakuuliza. Kesho yake alikuja na kanga mbili na kipande cha sabuni,
akasema, "Toka, mwanangu. Kanunue machungwa."
Tangu hapo, Jumatatu na Alhamisi,
akiwa na saumu yake ya sunna,
humwogesha mjane wa katekista
akimsimulia nani kaposwa, nani kahamishwa, nani kala fedha za kikoba.
Nikamuuliza, nikulipe nini?
Akasema, "Kalale."

Nililala. Saa mbili nzima, mchana, na viatu miguuni.
Sikusali. Sikufungua zaburi.
Nilipoamka nilikuwa na mate shavuni
na nikajua nimesikilizwa.

Basi wewe unayechemsha maji saa hii,
Sahare, Mikanjuni, Muheza, au juu huko kusikofika gari,
unayehesabu vidonge kwa tochi ya simu,
sina mahubiri.
Mungu hakukuomba uwe wanne.
Acha mlango wazi kidogo, maji yaonekane.
Ukiambiwa kalale, nenda.
Na uliyemfokea, mwombe radhi;
hawa husamehe haraka kuliko tunavyojisamehe.

Pembe ya tatu bado haina mtu.
Siku nyingine nasema Yesu ndiye aliyeishika,
siku nyingine naiona inaning'inia tu.
Yote mawili nimeyaandika.

Saa kumi. Namgeuza tena.
Leo, kabla sijavuta,
mkono wake mmoja ulio mzima ukatambaa,
ukaitafuta ncha ya shuka, ukaipata,
ukavuta.
Kiasi cha upana wa kidole.

Naandika: saa kumi, ubavu wa kulia.
Mama amesaidia.